Nyuki wasipewe mbuga

Ndugu Mhariri,

Msimu wa kilimo unapokaribia huku Sikonge, mazungumzo yote ni ya tumbaku: ekari ngapi, mbolea ya mkopo imefika au bado. Sisi warina asali hatumo, ingawa tunategemea pori lile lile.

Asiyejua atasema tumbaku nayo ina maua, nyuki watakula huko huko. Lakini mkulima hulikata ua mapema ili nguvu iende kwenye majani. Kwa nyuki, ekari kumi za tumbaku ni sawa na uwanja wa mpira. Na kabla ya shamba, hapo palikuwa na miti ya maua ya nyuki, mitundu na miuva. Mtundu huchanua kabla ya mvua, wakati nyasi zimekauka zote. Ukishakatwa, nyuki hawana pa kwenda. Kuni za mabani ya kukaushia tumbaku nazo zinatoka pori hilo hilo, na ardhi ikichoka watu wanafyeka mbele zaidi.

Mwaka jana nilikuwa na mizinga 12 nyuma ya shamba jipya la jirani. Nilipoifungua, minne ilikuwa na masega makavu yenye utando wa nondo, nyuki hata mmoja hayumo. Jirani simlaumu. Ana watoto wa kusomesha, na asali haimkopeshi mtu mbolea.

Tena na sisi tuna kosa letu. Mzinga wa gome hutokana na myombo uliochunwa ukiwa hai, na mti ule ndio basi tena. Mzinga wa mbao ungefaa zaidi, ila wengi wetu hatuna fedha ya mbao.

Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 inatambua hifadhi ya nyuki ya kijiji. Kijijini kwetu, mpango wa matumizi ya ardhi ulipojadiliwa, hifadhi hiyo ilitajwa mwisho kabisa, mashamba yalipokwisha kugawiwa. Tukaonyeshwa mbuga inayojaa maji masika nzima, isiyo na mtundu hata mmoja. Mzee mmoja aliuliza kama nyuki wanafundishwa kuogelea. Watu wakacheka, kikao kikafungwa.

Naomba maofisa nyuki wa wilaya waitwe kabla ramani haijachorwa, watembee porini na warina asali, waoneshwe miti inayochanua. Kwetu bado upo ukanda wa mitundu kando ya mto ambao haujaguswa.

Mrina asali,
Sikonge, Tabora