Mnamsifu Balozi Dhanapala, alichokipigania mmekiacha nje

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka ishirini na kitu na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Majina yaliyokosewa nimeyaona, picha ya mtu huyu kwenye habari ya mtu yule nimeiona, nikawa najisemea basi, haraka za kazi hizo. Lakini ile makala yenu ya kumuenzi hayati Balozi Jayantha Dhanapala imenitoa kwenye kimya changu. Unaikumbuka bila shaka, maana mliipa nusu ukurasa.

Vyeo mmevitaja vyote, hapo sina ugomvi. Mtoto wa Sri Lanka, balozi Geneva, mkurugenzi wa taasisi ya Umoja wa Mataifa ya utafiti wa upokonyaji silaha, balozi Washington, halafu kuanzia 1998 hadi 2003 akakabidhiwa idara nzima ya upokonyaji silaha pale Umoja wa Mataifa, baadaye akawa rais wa Pugwash, ile jumuiya ya wanasayansi wanaopigania dunia isiyo na silaha za nyuklia, akafariki Mei 2023 akiwa na miaka 84. Sawa kabisa. Ila mlipofika mwaka 1995, na hapo ndo penyewe, hapo ndo kazi ya maisha yake ilipo, mkaandika sentensi moja tu, kwamba alifanikiwa kuzifanya nchi zisizo na bomu zikubali kutokuwa nalo milele. Mkaweka nukta, mkahamia kwenye tuzo.

Hiyo ni nusu ya habari, mhariri. Na ile nusu nyingine ndo aliyoihangaikia mpaka uzeeni.

Mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, huu wa NPT, ulianza kufanya kazi tarehe 5 Machi 1970 ukiwa na umri uliopangwa. Ibara ya 10 ilisema wazi kwamba ikifika miaka 25 nchi wanachama zitakaa na kuamua, uendelee bila kikomo au uongezwe kwa vipindi. Kwa nini waliweka hivyo? Kwa sababu haya yalikuwa makubaliano ya pande mbili. Nchi tano zenye bomu, yaani Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, zinaruhusiwa kubaki nalo kwa wakati ule, wengine wote wanaahidi hawatalitafuta, na badala yake Ibara ya 6 inawadai wote, na hao watano wakiwa wa kwanza, wajadiliane kwa nia njema kusimamisha mashindano ya silaha na kufikia upokonyaji wa silaha za nyuklia. Nipe nikupe. Sasa miaka 25 ikafika, New York, Aprili na Mei 1995, nchi zaidi ya 170 ukumbini na aliyekalia kiti cha mwenyekiti ni Dhanapala.

Mimi wakati ule nilikuwa nafuatilia redioni kila usiku, wenzangu wakinishangaa. Wakubwa walitaka mkataba uongezwe bila kikomo, Kanada ikazunguka kukusanya saini mpaka zikapita mia moja, kwa hiyo kura wangeshinda. Wengine wakasema, hapana, tukiwapa milele tutawadai kwa fimbo gani? Wakabishana mpaka kura iwe ya siri au ya wazi. Na Dhanapala akaona jambo ambalo watu wengi wenye uhakika wa kushinda hawalioni, kwamba wakipiga kura watakaoshindwa watarudi makwao na kinyongo, na mkataba wa namna hii ukiwa na watu wenye kinyongo ndani yake hauna maisha. Akawaita wajumbe wachache wachache pembeni siku baada ya siku, akachukua na mapendekezo ya Afrika Kusini, nchi ambayo ilikuwa imeshavunja mabomu yake yenyewe sita, kwa hiyo ilikuwa na mdomo wa kusema. Mwisho wake yakatoka maamuzi matatu yaliyoshikamana, pamoja na azimio kuhusu Mashariki ya Kati, na yakapita bila kura. Ukisoma ule uamuzi wa kuongeza utaona haukusema kwamba nchi zote zinapenda uendelee bila kikomo. Ulisema kwa vile wapo walio wengi wanaotaka hivyo, mkataba utaendelea. Walio wengi wapo, hilo limetajwa tu kama jambo lililopo, na asiyependa hakulazimishwa kunyoosha mkono kusema napenda. Sentensi moja hiyo, mhariri, iliokoa mkutano mzima. Ingekuwa vizuri sana kama ingekaa kwenye makala yenu mahali pa ile orodha ya tuzo.

Sasa nikueleze kwa nini imeniuma mpaka nikakaa kuandika.

Mjukuu wangu wa kike yupo kwenye klabu ya mdahalo shuleni kwao. Wiki ile ile ya makala yenu mada ikawa silaha za nyuklia, akaja kwangu, Bibi nisaidie, tukakaa jioni mbili mezani. Aliandika hoja zake kwenye kikadi cheupe, na Ibara ya 6 akaipigia mstari mara mbili kwa kalamu ya kijani maana hiyo ndo ilikuwa hoja yake kubwa, kwamba nchi zenye bomu nazo zimefungwa na ahadi. Siku ya mdahalo akaisema. Mwamuzi mmoja, mtu mzima na mwalimu, akamkatiza, akamwambia hakuna kitu kama hicho, mkataba ule unawahusu wasio na bomu tu, na akatoa gazeti lenu kwenye mkoba akasoma ile sentensi yenu mbele ya ukumbi mzima. Mtoto akaambiwa asitunge. Akanyamaza, akakaa chini, wakamkata alama. Kikadi kimerudi nyumbani kimekunjwa mara nne na pale kwenye mstari wa kijani pana alama ya X ya peni nyekundu. Aliniuliza swali moja tu, Bibi, kwani tulikosea? Nilimwambia hatukukosea. Nikamfungulia maandishi ya mkataba wenyewe akasoma kwa mdomo wake. Lakini ukumbi ulishatawanyika, na wale watoto wengine wote waliokuwepo wameondoka na jibu la gazeti. Simlaumu sana yule mwalimu, aliamini kilichochapishwa, na ni haki yake kuamini, ila kama nyie mnamuenzi mtu kwa kukata nusu ya kazi yake basi jueni hiyo nusu iliyokatwa kuna mtoto mahali anaadhibiwa kwa kuijua.

Na hiyo nusu si historia ya kabatini. Kile kifurushi cha 1995 kilikuwa na ahadi zenye majina. Mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia ukamilike kabla ya 1996 kwisha, na kweli ukafunguliwa kusainiwa tarehe 24 Septemba 1996, lakini mpaka leo haujaanza kufanya kazi maana unazitaka nchi 44 zilizotajwa zote ziuridhie, Marekani Seneti yao iliukataa 1999, China imesaini ikaishia hapo, India, Pakistan na Korea Kaskazini hata kusaini hazijasaini, na Urusi iliyokuwa imeridhia ikaondoa uridhio wake 2023. Mkataba wa kusimamisha utengenezaji wa malighafi ya bomu, ule uliopaswa kujadiliwa kwenye Mkutano wa Upokonyaji Silaha wa Geneva, haupo. Kule wanachama ni 65 na mmoja tu akikataa basi imekwama. Azimio la Mashariki ya Kati isiyo na silaha za nyuklia, hilo ndo lililouvunja mkutano wa 2015 wa kupitia utekelezaji wa NPT. Wa 2005 nao ulikuwa umeshatoka mikono mitupu, na wa 2022 ukatoka hivyo hivyo, Urusi ilikataa maandishi ya mwisho. Ni kweli mabomu yamepungua, katikati ya miaka ya 1980 yalikuwa kama 70,000 na leo yamebaki zaidi ya 12,000, sitaki kuficha hilo. Lakini yamo mikononi mwa nchi tisa sasa. Dhanapala alizisema hizi ahadi kila alipopewa kipaza sauti, miaka na miaka baada ya 1995, kwa sababu yeye ndiye aliyewaomba wale wanyonge waamini, na waliamini. Mtu aliyesimama katikati akapokea neno la huyu akampa yule, halafu huyu hakutimiza, unadhani alilala vizuri? Nyie mkamwandika kama mtu aliyemaliza kazi akapewa medali.

Na kwa vile nimeshaanza niseme na hili, maana linatoka kwenye makala hiyo hiyo. Mmetaja Iraq kwa mstari mmoja, kwamba 1998 Kofi Annan alimtuma kuongoza kundi la wanadiplomasia waliofuatana na wakaguzi kwenye majumba ya rais. Sawa, na wakaguzi je? Kila habari yenu ya nyuklia ina picha ya viongozi wanapeana mikono. Mkaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki sijamuona hata siku moja. Hawa ndo wanaoingia kiwandani na kipande cha kitambaa cha pamba, cha ukubwa wa sentimita kumi kwa kumi hivi, wanafuta mashine, wanafuta sakafu, wanakifunga kwenye mifuko miwili, kinapelekwa maabara ya Seibersdorf karibu na Vienna, na chembe ya urani ambayo jicho haliioni inawaambia kilichofanyika mle ndani. Wanafunga lakiri kwenye makontena, wakirudi wanaangalia kama imeguswa. Wanakagua kamera. Balozi anaweza kupata sahihi zote za dunia, bila mtu wa kitambaa hana kitu mkononi, na Dhanapala alilijua hilo ndo maana alikubali kwenda kukaa katikati ya wakaguzi na wenyeji waliokuwa hawataki kuwaona. Lakini nyie mnaandika neno nyuklia juu, bomu, umeme, hospitali, yote kapu moja, halafu mnashangaa wasomaji wanaogopa mpaka mashine ya kutibu saratani.

Sikuombi msamaha wa ukurasa wa kwanza. Ninachotaka ni hiki. Tarehe 5 Machi ya kila mwaka chapeni Ibara ya 6 nzima, kwa Kiswahili, ni sentensi moja tu haitakula nafasi, na iwekwe ukurasa ule ule na kwa herufi za ukubwa ule ule wa makala ya Dhanapala. Chini yake wekeni zile ahadi za 1995, moja moja, na mbele ya kila moja mwandike imetimia au haijatimia, na kama haijatimia ni nani aliyekwamisha, kwa jina la nchi. Mwaka unaofuata mrudie. Mkitaka mtu wa kuhakiki tafsiri mimi nipo, sihitaji malipo. Na toleo la kwanza naomba nakala mbili, moja nimpelekee yule mwalimu mkononi, na nyingine ni ya mtu mwenye kalamu ya kijani.

Bibi wa mwanamdahalo