Usiikate Silinda Kabla Hujaipima

Uyole, Mbeya

Ndugu yangu Baba Tumaini,

Kamwene. Ninatumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na Mama Tumaini na watoto. Huku hatujambo, ila baridi ya Julai inatubana. Nimekuwa kimya tangu ule msiba wa Mafinga, nawe sababu zake unazijua, kwa hiyo sitazirudia hapa.

Kilichonifanya niandike leo ni habari aliyoniletea mdogo wako alipopita kuelekea Tunduma, kwamba ile pikipiki ya marehemu mjomba, Yamaha YZ125 ya mipigo miwili, umekwisha kuifungua injini, na kwamba wiki ijayo silinda inakwenda kwa mkerezaji ili tundu la moshi lililo ubavuni mwake lipandishwe milimita 3, injini ipate nguvu zaidi. Ninakuomba sana usiipeleke kwanza. Pistoni inanunulika, ringi zinanunulika, jeti, kile kijitundu cha kabureta kinachopima petroli, hubadilishwa kwa muda mfupi tu, lakini chuma kikishaondolewa hakirudi, na silinda ya asili ya pikipiki ya miaka ya 1970 hutaipata Mwanjelwa wala Kariakoo.

Tuiangalie hesabu yenyewe. Injini hiyo ina kipenyo cha milimita 56 na mpigo wa milimita 50. Kwa mpigo huo, kila milimita 1 unayopandisha ukingo wa juu wa tundu la moshi inaongeza takriban nyuzi 4 hadi 5 kwenye muda ambao tundu linakaa wazi, hivyo milimita 3 ni zaidi ya nyuzi 12 kwa mkupuo mmoja. Moshi utaanza kutoka wakati ungali unaisukuma pistoni, na pistoni ikipanda itachelewa kuliziba tundu, kwa hiyo mgandamizo nao utapungua. Nguvu yote itahamia kwenye mizunguko ya juu kabisa. Kwa uwanja tambarare ningekuelewa, lakini kwenye vilima vyetu, ambako mtu anapanda kwa gia ya pili huku tairi la nyuma likiteleza kwenye tope, nguvu ya chini ndiyo inayomfikisha juu.

Na nani amekuhakikishia kwamba injini hiyo inakosa nguvu kwa sababu ya tundu? Hewa ya huko kwako Iringa, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 14. Kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari inapeleka petroli nyingi kupita hewa inayoingia, plagi inalowa na kuwa nyeusi, na injini inakuwa nzito. Punguza jeti kuu hatua moja moja. Kila mara endesha kwa mafuta yote kwenye gia ya juu, bana klachi na uzime injini papo hapo, kisha utoe plagi uitazame. Kauri yake ikiwa ya kahawia, umefika.

Ukishuka Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni, hata hivyo, rudisha jeti kubwa, kwa sababu kule chini hewa ni nzito na ile ndogo itaifanya pistoni ipate joto na kunata. Tena katika mteremko ule mrefu usiachie mafuta kabisa, kwani oili imo ndani ya petroli, na kabureta ikifungwa pistoni inakosa oili wakati injini ingali inazungushwa kwa kasi na magurudumu.

Kabla ya jeti, zikague sili za kranki, yaani mipira inayozuia hewa kupenya. Tulipoifanyia kazi ile ya kijana wa Isyesye, tuliziba mlango wa kabureta na wa ekzosi, tukaingiza upepo kwa pampu ya baiskeli bila kuzidi psi 6, kisha tukapaka povu la sabuni kila maungio. Nyuma ya sumaku vilitokea vipovu vidogo, kimoja baada ya kingine, bila kukoma. Sili tuliyoitoa ilikuwa ngumu kiasi kwamba ukingo wake ulimeguka kwa ukucha. Injini inayovuta hewa mahali hapo haitatulia kwa jeti yoyote, wala silinda ikatwe namna gani.

Ukitaka nguvu ya kweli kwa mwinuko wetu, anza na mgandamizo. Ingiza kipande laini cha risasi ya kulehemu kwenye tundu la plagi hadi kiguse ukuta wa silinda, zungusha kranki polepole, kisha upime unene wa ncha iliyobanwa, ambao ndio nafasi iliyopo kati ya pistoni na hedi. Ikiwa ni milimita 1.8, hedi inaweza kukerezwa mpaka ibaki 1 hivi, na hedi hata ikiharibika si msiba kama silinda.

Halafu kuna ekzosi. Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha pikipiki cha MZ huko Ujerumani Mashariki, alionyesha katika miaka ya 1950 jinsi wimbi linalorudi kutoka kwenye tumbo la ekzosi linavyousukuma ndani mchanganyiko mbichi uliokwisha kutoroka. Ernst Degner, mwendeshaji wa mbio wa MZ, alipokimbilia Magharibi mwaka 1961, Suzuki iliipata elimu hiyo, na mwaka 1962 akaipatia ubingwa wa dunia wa cc 50. Wimbi hilo linategemea saa ya tundu kufunguka, kwa hiyo ukilipandisha tundu na kubaki na ekzosi ileile, linafika wakati usiotakiwa.

Kama baada ya yote hayo bado utataka kukata, iwe milimita 1 tu, upana usizidi thuluthi mbili ya kipenyo, yaani milimita 37, na makali ya tundu yavunjwe kwa tupa ndogo, la sivyo ringi itanasa.

Sasa nijibu, tafadhali. Pistoni iliyomo ni ya asili, au ni ya Yamaha nyingine, DT125? Vipimo vya 56 kwa 50 vinafanana, lakini je, umepima urefu kutoka kwenye pini hadi kichwani? Jeti kuu ina namba gani? Oili unachanganya kwa kiasi gani? Ekzosi ya mjomba bado ipo kule stoo, au ile ya kuchomelea ndiyo unayotumia? Na je, mkerezaji atakubali kusubiri hadi nije mwisho wa mwezi na vifaa vyangu vya kupimia?

Wasalimie wote, na yule mzee wa Kihesa umwambie spea zake nimezipata.

Wako daima,
Baba Neema