Mwanangu, jifungue kwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unaniuliza kama umfuate mumeo huko anakokwenda kuokoa watoto wanaouzwa. Hiyo ni kazi ya heshima, na mkwe wangu namheshimu kwa hilo. Lakini mimba ya miezi saba na barabara mbaya ile? Usiende. Jifungue kwanza.

Livingstone, yule mmisionari Mskoti aliyezunguka Afrika, unamjua, umekulia Ujiji. Mkewe je? Mary Moffat alizaliwa Griquatown, Afrika Kusini, 1821, akakulia Kuruman, kituo cha wamisionari, Kitswana, lugha ya wenyeji, akikisema kama wenyewe. Aliolewa Januari 1845. Kule Kolobeng, Botswana ya leo, alifundisha watoto na kuendesha nyumba nzima. Mkate waliuoka kwenye kichuguu: unachimba shimo kubwa, unakoka moto mpaka kuta zishike joto, unatoa makaa, unaingiza kinyunya na kuziba kwa bamba la jiwe. Chachu ni kipande cha kinyunya cha juzi, na unga ukae juani saa moja au mbili. Sabuni ndiyo iliyochosha. Majivu ya kuni za kule yana magadi kidogo mno, hivyo mafuta yalichemshwa katika maji ya majivu, yakimwagwa na kutiwa mapya, mwezi mzima hata wiki sita, ndipo yageuke sabuni. Yote hayo na mtoto mgongoni.

Mwaka 1850 alivuka jangwa la Kalahari na mimba hadi Ziwa Ngami. Watoto wakashikwa homa. Waliporudi akajifungua Elizabeth. Kichanga kiliishi kama wiki sita tu. Mwaka uliofuata, mimba nyingine, jangwa lilelile. Mama yake Mary alimwandikia mkwewe barua kali kumzuia, hakuzuilika. Njiani maji yakaisha, watoto wakalia kiu. Septemba akajifungulia kando ya mto Zouga. Mtoto yule alipona, nawe usije ukaniletea kupona kwake kuwa hoja.

1852 akapelekwa Uingereza na watoto wanne, zaidi ya miaka minne bila mume, akihamahama na pesa haitoshi. 1862 alimfuata tena mumewe, mto Zambezi. Tarehe 27 Aprili homa ikamuua Shupanga, Msumbiji ya leo, akazikwa chini ya mbuyu. Alikuwa na miaka 41. Mumewe kazikwa Westminster Abbey, kanisa la London wanakozikwa wakubwa.

Wageni wangapi nimewaeleza habari za Livingstone pale Ujiji, kwenye miembe ya kumbukumbu yake, na jina la Mary halikunitoka mdomoni. Mama yako naye alipokuwa na mimba yako tulihama masika, na si yeye aliyechagua siku.

Wewe ni mkunga mzuri, wenzako wanakusifu hadi huku. Ndiyo maana nakushangaa. Mke wa mtu angekuuliza swali hili ungemjibu nini? Mumeo atangulie. Akiona vigumu, anipigie mimi.

Dagaa wa mwezi huu ni wazuri, nimekuwekea debe moja. Usiwaoshe mpaka siku ya kupika, wakipata unyevu wanaoza. Chumba cha uani tumekipaka chokaa. Kitanda kipo, imebaki wavu wa dirishani tu, fundi anakuja Jumamosi.

Baba yako