Risala ya Wakaaji wa Lac Vert Kuhusu Mazuku na Viwanja Vyetu

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, shefu wa kartie, mashefu wa avenyi, manyumbakumi, wazee wetu, kina mama na kina baba, vijana na watoto mliokusanyika hapa, hamjambo.

Tunakushukuru sana kwa kuacha kazi zako za mjini Goma na kuja mpaka huku magharibi, ambako barabara ya Sake inapita karibu nasi lakini njia zetu za ndani bado ni mawe matupu. Wengi huijua Lac Vert kwa jina tu, kwa sababu ya lile ziwa dogo la kijani lililokaa ndani ya kreta ya zamani. Haja zetu ni nyingi, na kila mama aliyefika hapa leo ameacha bidoni nyumbani zikisubiri maji. Hata hivyo tumekubaliana kwamba risala hii iseme jambo moja tu, nalo ni mazuku, yaani mashimo na mabonde yanayojaa gesi inayoua.

Mheshimiwa, wengi wetu si wenyeji wa asili wa mahali hapa. Wako waliohamia baada ya tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji hadi ikaingia katika Ziwa Kivu na kufunika nyumba zao. Wako waliokimbia vita vijijini, na wako waliokuja kwa sababu bei za viwanja vya mitaa ya mjini kama Himbi na Katindo zilikuwa zimewashinda. Tulivunja mawe kwa nyundo, tukayapanga kuwa misingi, tukasimamisha nyumba za mbao juu yake. Aliyewahi kuchimba choo huku anajua kwamba kila mita ni kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo mtu anapoona bonde dogo lililojaa majani mabichi, lililokingwa na upepo, huona kwamba Mungu amempunguzia kazi.

Mabonde hayo ndiyo wazee waliotutangulia walikuwa wakiyaepuka. Ndani yake hutoka, kupitia nyufa za lava ya kale, gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo haionekani kwa macho na pua haiinusi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama chini kama maji katika beseni. Usiku, upepo ukitulia, hujaa. Jua likipanda na upepo ukianza, hupungua. Hewa tunayovuta hapa tulipo ina gesi hiyo kiasi cha asilimia 0.04 hivi. Ikifika asilimia 10, mtu mzima anaweza kuzirai kwa dakika chache, na katika mazuku makali huzidi hapo kwa mbali. Mtoto na mbuzi huanza kuumia kabla ya mtu mzima aliyesimama, kwa sababu wao huvuta hewa ya chini.

Mimi ninayesoma risala hii niliyaona mazuku nikiwa na miaka 9. Mbuzi wetu wawili walikata kamba usiku. Alfajiri tuliwakuta katika shimo lililo nyuma ya nyumba, wamelala ubavu, majani yangali mdomoni, bila jeraha wala tone la damu. Nilitaka kukimbia niwaamshe. Mama alinishika mkono kwa nguvu hata ukaniuma, akasema neno moja tu: hatushuki. Tuliwaangalia kutoka ukingoni mpaka saa nne, ndipo baba akashuka amefungwa kamba kiunoni, majirani wakiishika ncha ya pili.

Mama alijua kwa sababu aliambiwa na jirani mzee. Wanaonunua parsele leo, nani anawaambia? Familia moja ya hapa kwetu ilitafutiwa kiwanja na komisioneri, yaani dalali wa viwanja, ambaye hatumtaji, katika shimo lililokuwa limejazwa vifusi na kusawazishwa vizuri. Kumwaga mawe hakuzibi mazuku, kwa maana gesi hupita katikati ya mawe. Watoto waliolala kwenye mkeka waliamka kila asubuhi wakilia kichwa, na mama yao akawapa dawa ya malaria mara mbili kabla ya mzee mmoja kupita na kuuliza nyumba ile imejengwa wapi hasa. Wakahama, na fedha yao ikapotea. Karatasi ya kununulia ilikuwa na sahihi na mihuri yote. Neno mazuku halikuwamo.

Vijana wetu wamezungusha mawe yaliyopakwa rangi nyekundu kwenye mashimo tunayoyajua, lakini mvua huifuta rangi, na wengine huyachukua mawe kujengea. Wako pia wanaopima kwa mshumaa. Tunawasihi waache, kwa sababu mshumaa unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo mtu tayari anaumia. Tena, mwishoni mwa Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, umati wa watu ulipokuwa ukikimbilia Sake kwa miguu, wengine walitandika mikeka mabondeni kujikinga na baridi. Hatukulala usiku ule. Tulipita na tochi, tukiwaomba wageni wapande juu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunakuomba utufikishie ombi hili kwa viongozi wa mji: karatasi ya parsele yoyote ya upande huu isitiwe sahihi mpaka wazee na shefu wa avenyi waulizwe kama pana mazuku, na wataalamu wa Kituo cha Kuchunguza Volkano cha Goma wapime kwa vyombo vyao. Jibu liandikwe katika karatasi hiyohiyo. Shimo lililothibitishwa libaki wazi, lisiuzwe hata kwa bei ya bure, na liwekewe kibao cha saruji chenye maneno ya Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo mtoto anayechunga mbuzi huisoma kwanza. Kazi ya mikono, mawe na mchanga vitatoka kwetu. Saruji na wapimaji ndivyo tusivyoviweza.

Tukimaliza hapa tutakuomba utembee nasi hatua chache, uone shimo lililo nyuma ya uwanja huu wa shule. Sasa ni saa tano, jua limepanda na upepo wa ziwa umeanza. Tutasimama pamoja ukingoni, kwenye mawe mekundu, wala hatutashuka.

Tunaomba kuwasilisha.