Mama mkwe nimpelekee tufaha la ng'ambo?

Kwa Mhariri,

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama mkwe aliyelazwa katika hospitali moja hapa Nairobi. Nilibeba mapera na maembe niliyoyanunua soko la Marikiti asubuhi hiyo. Wifi yangu alifungua mfuko, akachungulia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli nilikosa hata matufaha mawili ya kumletea mtu mzima anayeumwa. Sikumjibu pale kitandani. Naomba nafasi nimjibu hapa, maana nadhani tuko wengi tunaoulizwa hivyo.

Matufaha tunayouziwa mjini mengi hutoka Afrika Kusini, na huko msimu wa kuyavuna huishia kama mwezi wa Mei. Kwa hiyo ukinunua tufaha la huko mwezi wa Desemba, jua limekaa miezi kadhaa ghalani, kwenye baridi na hewa iliyopunguzwa oksijeni ili lisichakae, kisha likapanda meli hadi Mombasa. Sisemi ni sumu, na anayelipenda ale. Lakini pera lile lililoonewa haya lina vitamini C zaidi ya maradufu ya chungwa, uzito kwa uzito, na tufaha halilifikii hata kidogo. Tena wifi hakuwa na shida na bei, kwa kuwa pesa za matufaha mawili zingenunua maembe ya kutosha wodi nzima.

Tatizo ni heshima. Tumekubali kwamba tunda lililobandikwa kikaratasi na kung'arishwa kwa nta ndilo la mgeni na la mgonjwa, na lililoshuka kwenye lori la Makueni ni la kununua kibandani ukikimbilia matatu. Mwanangu alijua kuchora tufaha kabla hajajua kuchora embe, ilhali kwa nyanya yake kuna miembe kumi na miwili.

Huko kwa mamangu, Makueni, ndiko uchungu wangu unakotoka. Mwaka wa mavuno mazuri nimeyaona maembe yakioza chini ya mti kwa sababu dalali alitaja bei isiyotosha hata kuwalipa wachumaji. Soko la Ulaya lilikuwa limefungwa kuanzia 2014, Kenya yenyewe ilipoacha kupeleka maembe huko kwa ajili ya inzi wa matunda, likafunguliwa tena 2021. Kaunti ilijenga kiwanda cha kusindika maembe pale Kalamba, na nashukuru, lakini kiwanda kimoja hakiwezi kumaliza maembe ya kaunti nzima. Sehemu kubwa kabisa ya maembe yetu huliwa humu humu nchini. Mnunuzi anayengojwa na mkulima wa Makueni ni mimi na wewe wa Umoja, Kawangware na Kilimani.

Januari hii niliingia supamaketi moja. Rafu ya mlangoni ilikuwa na matufaha, zabibu na machungwa ya Misri. Maembe, katikati ya msimu wake, niliyakuta nyuma karibu na vitunguu, manne manne, yamefungwa plastiki hadi yakatoa jasho.

Najua wapo wanaoyaogopa ya sokoni kwa sababu ya wauzaji wanaoivisha kwa kemikali ya kabaidi, na woga huo una msingi. Mimi hununua embe likiwa bado gumu, ila nahakikisha limepevuka: mabega yake yamejaa mpaka kikonyo kimezama kidogo. Nalifunga kwenye gazeti pamoja na ndizi mbivu. Baada ya siku chache nyumba nzima inanukia, na nimejua lilivyoivishwa.

Ombi langu ni kwa wasimamizi wa supamaketi. Rafu ile ya mlangoni ipeni tunda la msimu: maembe sasa, parachichi la Murang'a likishapevuka, na machenza yatakapofika katikati ya mwaka. Andikeni na kaunti lilikotoka, kwa herufi kubwa, kama mnavyoandika nchi yalikotoka matufaha.

Mama mkwe bado amelazwa. Jumamosi nitampelekea maembe aina ya Ngowe.

Msomaji wako,
Umoja, Nairobi