Meno marefu ya soli si dawa ya kila njia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie viatu vya mbio za milimani. Mnunuzi akifika dukani au kwenye meza ya mitumba huambiwa achague chenye meno marefu, basi. Kwa njia mchanganyiko ushauri huo unaumiza watu.

Tuchukue njia ya Lushoto mjini kwenda Irente, kwenye ukingo wa Milima ya Usambara. Unaanza na lami, unaingia barabara ya udongo, unamalizia kwenye miamba ya ukingoni. Meno ya milimita 6 yanafaa kwenye tope la masika tu. Kwenye lami unakanyagia ncha za meno: yanapinda kila hatua, kifundo kinayumba, na soli inaisha upesi. Kwenye mwamba uliolowa hatari ni kubwa zaidi, kwani pale kinachoshika ni ulaini wa mpira na ukubwa wa eneo linalogusa jiwe, si urefu wa jino. Milimita 3.5 hadi 4 ndizo zinazovumilia yote.

Nafasi kati ya meno nayo itazamwe. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa hunata. Meno yakibanana, tope linajaa katikati na baada ya hatua chache soli imekuwa bapa. Ncha ya kidole cha mwisho iingie kati ya jino na jino. Meno ya mbele yaelekee kusaidia kupanda, ya kisiginoni yageuke kinyume ili yazuie kwenye mteremko.

Kwenye mitumba, meno yanaweza kuwa mazima huku sponji iliyo kati ya soli na mguu imekufa. Ibonyeze ubavuni kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, kiache hicho kiatu hata kikipunguzwa bei. Viweke mezani uvitazame kwa nyuma: kilicholalia upande mmoja kitaulaza na mguu wako huko huko. Kisha jaribu kubandua soli kwenye ncha ya mbele ya kiatu, maana gundi iliyozeeka mara nyingi huachia hapo kwanza.

Kipime jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa na soksi za kukimbilia. Mbele ibaki nafasi ya upana wa dole gumba, la sivyo kwenye mteremko vidole vitagonga na kucha zitakuwa nyeusi. Lile tundu la ziada karibu na kifundo, ambalo wengi huliacha tupu, lina kazi: ingiza kamba ifanye kitanzi kila upande, pitisha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta, ufunge. Kisigino kinatulia na mguu hausogei mbele.

Waandaaji wa mbio nao watusaidie. Umbali na kimo havitoshi kwenye tangazo. Waandike kilomita ngapi ni lami, ngapi udongo, ngapi mawe, ili mtu ajue avae nini. Waseme pia kama kuna kijito cha kuvuka. Aliyevaa kiatu kisichopitisha maji ataingiwa na maji kwa juu na kuyabeba ndani hadi mwisho, wakati kiatu cha kitambaa cha wavu huyatoa kwa kila hatua.

Mpenzi wa mbio za milimani,
Lushoto, Tanga