Kuhusu ile CD ya Robert Plant

Nairobi,
Jumanne usiku

Swahiba yangu,

Salamu sana. Huku sote tu wazima. Mvua imeanza na njia ya kuingia mtaani imeshakuwa tope tupu. Mama anakusalimu, anauliza kama kile kikohozi kimekuacha.

Ujumbe wako wa kuniuliza kama ununue ule mkusanyiko wa nyimbo za Robert Plant, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya roki ya Led Zeppelin ya Uingereza, niliupata Ijumaa, ila sikutaka kukujibu kwa mistari miwili ya simu. Pesa unazotaka kutoa najua umezipata kwa jasho, kwa hivyo Jumamosi nilirudi Kenyatta Market, nikapita kwenye moshi wa nyama choma na akina dada wa kusuka, nikamwomba mwenye kibanda cha santuri anipigie CD zote mbili mwanzo hadi mwisho. Hakukataa. Alinipa kigoda, nikakaa hapo hadi karibu saa kumi.

Mkusanyiko wenyewe unaitwa Sixty Six to Timbuktu. Ulitoka 2003, na nyimbo ni 35 kwa jumla. Nakushauri ununue, lakini si kwa sababu uliyoniandikia.

Uliandika kwamba unamtaka "yule wa Led Zeppelin." Ndugu yangu, humo hamna hata wimbo mmoja wa Led Zeppelin. Bendi ile iliisha 1980, baada ya John Bonham, mpiga ngoma wao, kufariki. CD ya kwanza ni ya maisha ya Plant baada ya hapo, kuanzia albamu za mwanzo wa miaka ya 80 hadi Dreamland ya 2002. Ukiiweka ukingoja ule ukelele wa sauti yake uliokuwa ukitutoa kitandani enzi tukisikiliza redio ya X FM, utasononeka bure. Plant wa humu kaishusha sauti. Anaimba kama mtu mzima aliyekaa nawe mezani.

Msikilize kwenye Big Log, ya 1983. Gitaa la Robbie Blunt linaingia taratibu, halina haraka na mtu, na sauti inakuja nyuma yake kama ya dereva aliyechoka. Ni wimbo wa barabarani. Ukiwa kwenye gari la Nakuru usiku, mmeshapita Kinungi na taa za Naivasha zinaonekana kule bondeni, uweke. Utanipigia simu.

Lakini hiyo CD ya kwanza ina kasoro, na inaniuma kwa sababu ni kasoro ya kupanga tu. Inafungua kwa wimbo wa 1990, kisha inarukaruka miaka. Hiyo Big Log imewekwa ya kumi na moja, baada ya Darkness, Darkness ya 2002. Sikio lako ndipo linaanza kuzoea sauti za 2002, unarudishwa 1983 ghafla, kila kitu kinang'aa kwa namna ile ya studio za wakati huo. Halafu In the Mood haipo kabisa. Wimbo wake maarufu wa tangu aimbe peke yake, wameuacha nje! Sielewi waliwaza nini.

Wa kumi na tatu ndio ulioninyamazisha. Unaitwa I Believe, wa 1993. Mwanawe Plant, Karac, alifariki 1977 akiwa na miaka mitano, baba yake akiwa ziarani Marekani na bendi. Wimbo huu ni wa mtoto huyo, na ulitoka miaka 16 baadaye. Hauna kilio. Gitaa ni jepesi, karibu la furaha, na ukiujua mkasa wake huwezi kuusikia vilevile tena. Nilimfikiria shangazi yangu wa Machakos, ambaye sare ya shule ya mwanawe ingali sandukuni, imekunjwa.

Basi, twende kwenye CD ya pili. Hii ndiyo ninayokuombea uinunue.

Inaanza 1966. Plant ni kijana wa miaka 18, anaimba na bendi inayoitwa Listen, hajulikani na mtu. Sauti tayari ni kubwa, ila hajui bado aipeleke wapi, anaimwaga yote kwa pamoja. Wimbo unaofuata, wa 1967, kampuni ya rekodi imemvika mavazi ya mwimbaji wa mapenzi, na unamsikia kabisa kwamba nguo zinambana. Kisha zinakuja rekodi za Band of Joy, bendi aliyokuwa na Bonham kabla ya Zeppelin kuzaliwa, na hapo mtu anaanza kuonekana. Baada yake kuna blues moja na Alexis Korner, yule mzee aliyewalea vijana wengi wa blues wa Uingereza. Zile mbili za kwanza ungezitafuta mojamoja kwenye santuri kuukuu za wakati ule, na kwa bei ambayo mimi na wewe hatuna.

Katikati kuna nyimbo kadhaa alizofanyia filamu au za kuwaenzi wanamuziki wengine. Hizo ni za kupita tu.

Wa mwisho, wa kumi na tisa, ni Win My Train Fare Home, uliorekodiwa moja kwa moja Januari 2003 kwenye tamasha la jangwani kule Essakane, nchini Mali, safari fupi kutoka Timbuktu. Tamasha hilo hilo walikuwapo Ali Farka Touré, mpiga gitaa wa Mali, na Tinariwen, bendi ya Watuareg wa jangwani. Plant ni mtu aliyejifunza kuimba kwa blues za Wamarekani weusi, na sasa amesimama mchangani, mahali ambapo gitaa linapigwa kwa mizunguko ileile inayojirudia, bila haraka ya kufika. Haimbi kwa kujionyesha. Anauachia muziki nafasi, anaingia, anatoka. Miaka iliyofuata alikuja kuchukua bendini Juldeh Camara wa Gambia, anayepiga ritti, fidla ya uzi mmoja. Ukiisikia utadhani ni orutu ya Wajaluo imepotea njia. Mbegu ya hayo yote unaisikia kwenye wimbo huu.

Sasa jambo la CD yenyewe, maana unakumbuka yaliyonipata mwaka juzi. Nilinunua mkusanyiko wa mwimbaji mwingine, majina ya nyimbo yote sahihi, kumbe alizirekodi upya uzeeni. Nilisikiliza wimbo niliokua nao nikaona kama nimekaribishwa nyumbani na mgeni. Hii si hivyo, ni rekodi zilezile za asili. Vilevile niligeuza CD zote nikazitazama mgongo juani: ni za fedha safi, hazina ile rangi ya zambarau ya zilizochomwa kwenye kompyuta. Kijitabu kimo, kona moja imelowa kidogo zamani. Bawaba ya kasha imevunjika.

CD ya pili ina mkwaruzo mwembamba karibu na ukingo. Huo ulinitia wasiwasi, kwa kuwa CD husomwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo mkwaruzo wa ukingoni huharibu nyimbo za mwisho, na wa mwisho ndio huo wa Mali. Niliomba aupige mara mbili. Haukuruka hata mara moja.

Ujue pia kwamba kuna mkusanyiko mwingine, Digging Deep: Subterranea, wa 2020, nyimbo 30. Huo unayo In the Mood, na una kazi zake za miaka ya baadaye. Kama ungetaka nyimbo nzuri tu za kupikia chakula cha jioni, ningekwambia sikiliza huo kwenye simu na pesa zako ubaki nazo. Lakini hauna yule kijana wa 1966, wala jangwa lile. Wewe unayeuliza kila mara mtu alianzia wapi, hutatosheka nao.

Mwenye kibanda alitaka shilingi 2,000. Nimemwonyesha bawaba na mkwaruzo, akashuka hadi 1,500, na hapo kagoma. Amekubali kuniwekea hadi Jumamosi saa sita, baada ya hapo atairudisha rafuni. Nitumie kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa jioni, nami nitaifunga kwenye fulana nzito niikabidhi gari la saa nane. Kasha nitakubadilishia, ninalo moja tupu hapa nyumbani.

Wasalimu wote hapo kwako.

Ni mimi, swahiba wako wa siku zote.